Inchi Mbili na Maksai Mmoja

Nimestaafu kufundisha useremala, na tangu nilipokabidhi funguo za karakana, wakufunzi vijana niliowaacha wameniuliza jambo moja kuliko mengine yote: kwa karakana ya nyumbani, mtu anunue mashine ya kunyooshea mbao ya ukubwa gani? Wananiuliza kwa simu, wananiuliza kanisani baada ya ibada, na mmoja aliniuliza msibani tukiwa tunasubiri jeneza litolewe ndani, jeneza ambalo, kwa kweli, lilikuwa na haja kubwa na mashine hiyo. Nimeona niandike mara moja. Asiyetaka kusoma na aendelee kuwauliza wauzaji. Wauzaji hawajawahi kukosa jibu.

Nitafuata mpangilio wa miaka, maana jibu langu halikuja siku moja, na nilipodhani nimelipata halikutosha. Lilipimwa Nambis, nyumbani kwa Mzee Bura, mkulima aliyekuwa tayari kuuza maksai wake wa kulimia ili binti yake Paskalina apate mashine. Alikuwa na maksai wawili tu. Mashine ya inchi sita ingemwondoa mmoja. Ya inchi nane ingewaondoa wote wawili. Likichaguliwa jambo lisilofaa, pasingekuwa na mashine ya pili, wala maksai wa kurudia. Anayesema kwamba ukubwa wa mashine ni suala la kiufundi tu hajalima mteremko wa Nambis kwa jembe la mkono.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana ya misheni mjini Mbulu nikiwa na cheti mfukoni na shati lililopigwa pasi, jambo ambalo lilikuwa kosa. Karakana ile ilisimamiwa na Fundi Leonsi, mzee mfupi, mwenye viganja vipana, asiyependa kurudia neno. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanionyesha ubao wa mninga uliolala juu ya benchi.

"Ubao ule umenyooka?"

"Wamesema umenyooka, Fundi."

"Kina nani hao?"

"Hawa wenzangu walioushusha."

"Basi nenda kakae nao. Ukishautazama mwenyewe, rudi."

Nilirudi, akanipa fito mbili zilizorandwa sawasawa. Aliniambia nilaze moja mwanzo wa ubao na nyingine mwisho, kisha niinamishe jicho hadi usawa wa ile ya mbele. Fito zikilingana, ubao umetulia. Moja ikiinua bega, ubao umejisokota, hata kama macho ya watu kumi yameuona umelala. Ya kwangu iliinua bega. Akanipa randa ndefu, ile ya mkono yenye urefu wa karibu mkono mzima wa mtu, akaniacha. Nilisukuma hadi jioni. Alipokuja aliuweka ubao juu ya benchi, akaugonga kwa kidole, akaridhika kwamba hauchezi. Kisha akaushika ukingoni, akautazama unene.

"Umeunyoosha," alisema. "Tatizo ni kwamba haupo tena."

Hapo nilijifunza jambo la kwanza kuhusu kazi hii, nalo ni kwamba kunyoosha ni kula. Kila upotofu unaoutoa unautoa katika unene wa ubao. Kifaa kisicholingana na ubao hakikuchoshi tu. Kinaumaliza ubao wenyewe.

Niieleze sasa mashine ambayo baadaye ilichukua nafasi ya randa ile. Mafundi wetu wengi huiita plena, jina lilelile wanaloipa mashine ya kupunguza unene, na ndiyo maana nusu ya ushauri wanaopeana haufai. Mashine ya unene hunakili upande mmoja wa ubao na kuuhamishia upande wa pili. Ukiipa ubao uliopinda, itakurudishia ubao mwembamba uliopinda vilevile. Ya kunyooshea ina meza mbili zilizofuatana, katikati yake unazunguka mhimili wenye visu. Meza ya kupokelea iko sawa na ncha za visu; ya kuingizia iko chini kidogo, na tofauti hiyo ndogo ndiyo kiasi ambacho ubao huliwa kila unapopita. Pembeni kuna ukuta wa chuma wa kuegemezea ubao unaponyoosha ukingo. Mtu akisema "inchi sita" anataja urefu wa visu, yaani upana wa ubao unaoweza kupita. Kuhusu urefu wa meza hajasema neno, na hapo ndipo watu wanapouziwa.

Nilipohamia chuoni kufundisha, nilikuta mashine kubwa ya aina hiyo, pana kiasi kwamba mtu angeweza kulala juu yake, na baadhi ya wanafunzi walilala. Sote tuliionea fahari. Wageni walipokuja walionyeshwa hiyo kwanza. Nami niliamini, kama wengine, kwamba karakana hupimwa kwa upana wa mashine yake.

Kilichonitoa katika imani hiyo ni visu. Kazi ya kuvinoa ilikuwa yangu, na mara ya kwanza nilipovifungua nilivilaza juu ya benchi penye mwanga wa dirisha. Upande uliokaribia ukuta wa chuma, kwa kipimo cha kiganja hivi, makali yalikuwa yamekufa kabisa. Sehemu iliyobaki, ambayo ilikuwa kubwa zaidi, ilikuwa kali kama ilivyotoka kiwandani. Nilinoa, nikarudisha, nikasubiri. Nilipovifungua tena hali ilikuwa ileile. Mashine ile pana, fahari ya chuo, ilikuwa ikifanya kazi ya mashine nyembamba, na chuma kilichobaki kilikuwa kimekuja kutazama. Tangu siku hiyo, aliyeniuliza upana nilimjibu: inchi sita inatosha. Sikuwa nimesikia mahali. Nilikuwa nimeona kwa visu. Nililisema jibu hilo miaka mingi, nikalifundisha, nikaliwekea mitihani.

Kesi iliyonisumbua kuliko zote haikuwa ya mashine. Tuliombwa kutengeneza milango ya shule moja huko Yaeda Chini. Mbao zilitoka huku kwetu juu, kwenye baridi na ukungu, nasi tulizinyoosha hapahapa Mbulu, tukaunganisha, tukapiga msasa, tukapakia. Barabara ya kuteremka bondeni ilitutikisa sote, milango na mafundi, lakini tulifika, tukafunga milango, ikakaa vizuri, tukapigiwa makofi. Haukupita muda mrefu mwalimu mkuu akanipigia simu.

"Mwalimu, milango yenu ni mizuri sana," alisema, "ila huu wa ofisini unafunga asubuhi tu. Ikifika saa sita unataka kwenda nyumbani."

Nilishuka kwenda kuona kwa macho yangu. Nilikuta ni kweli. Milango ilikuwa imejisokota, mmoja ukiwa umeinua kona ya chini kama mbwa anayeinua mguu. Mfugaji mmoja aliyekuwa amesimama na fimbo yake kivulini aliutazama mlango, akanitazama mimi, akasema, "Huu ni mtoto wa baridi, Mwalimu. Umemleta juani bila kumwambia."

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu unyevu wa mbao, na sijaona palipoelezwa vizuri kuliko hapo. Ubao wa nyanda za juu ukinyooshwa kabla ya kukauka kulingana na hali ya hewa ya mahali utakapokaa, utanyooka siku hiyo tu. Tuliirudia kazi yote. Safari ya pili tuliteremsha mbao ghafi, tukazipanga kwa vipande vya kutenganishia katika chumba kimoja cha shule, tukaziacha zizoee bonde, ndipo tukazinyoosha na kuunganisha. Kwa hiyo, kijana, kabla hujauliza ukubwa wa mashine, jiulize kama mbao zako zimekauka. Mashine haikaushi kitu. Mbao mbichi zitakucheka, uwe na inchi sita au kumi na sita.

Sasa nifike Nambis.

Paskalina alikuwa mwanafunzi wangu, mmoja wa wachache ambao hawakuhitaji kuambiwa kwamba penseli ina ncha mbili, iliyochongwa na iliyo butu, na kwamba ya kupimia ni moja. Alipohitimu alifanya kazi Arusha katika karakana ya watu, kisha akarudi nyumbani mama yake alipofariki, kwa kuwa baba yake alibaki peke yake na shamba. Alifungua karakana katika ghala la zamani la mahindi, akatengeneza milango kwa randa ya mkono. Milango yake ilikuwa mizuri na ilichelewa. Wateja walianza kumpita, wakaenda kununua milango ya kiwandani inayoletwa kwenye lori, myepesi kama sanduku la biskuti. Alinipigia simu katika mwezi wangu wa mwisho kazini.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Baba amekubali kuuza maksai ninunue mashine ya kunyooshea. Anasema hatauza mpaka asikie kutoka kwako ni ya ukubwa gani."

"Inchi sita," nilimjibu, bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Mzee Bura akachukua simu, nikamrudia yeye pia: inchi sita. Alishukuru sana. Inchi sita maana yake ilikuwa kuuza maksai mmoja tu, na kwa wakulima wa kule maksai mmoja aliyebaki si hasara. Kuna desturi kwamba kaya yenye mmoja huungana na kaya nyingine yenye mmoja, wakawafunga nira pamoja, wakalima shamba la huyu kisha la yule. Ahadi ya nira haiandikwi, lakini haivunjwi ovyo. Jioni ileile Mzee Bura alikwenda kwa jirani yake wa chini, ambaye naye alikuwa amebaki na maksai mmoja, wakakubaliana.

Nilipokwisha kuagwa chuoni nilikwenda Nambis kuangalia mahali mashine itakapokaa. Nilimkuta mgeni mwingine, Fundi Yusto wa Endasak, seremala mcheshi aliyewahi kusoma nyuma yangu na kukaa mbele ya kila mazungumzo. Alikuwa amekuja kwa pikipiki kumshauri Paskalina, bila kuombwa.

"Mwalimu, shikamoo! Nimemwambia huyu dada asijidharau. Wanasema sasa hivi mashine ni inchi kumi na mbili. Hizo nyingine ni vichezeo."

"Wanasema kina nani?"

"Mafundi wa Babati."

"Wana majina?"

"Mwalimu na wewe! Jambo hili kila mtu analijua."

"Huyo kila mtu ana umeme wa njia ngapi nyumbani kwake?"

Yusto alitazama nguzo iliyokuwa nje. Waya uliokuja kwa Mzee Bura ulikuwa wa njia moja, kama wa kaya zote pale. Mashine za upana ule, nyingi huja na mota ya njia tatu, na anayeinunua kabla ya kutazama nguzo atakuwa amenunua meza ya chuma ya kuwekea vikombe. Paskalina aliziba mdomo kwa mkono.

"Basi kuna ile ndogo," alisema Yusto, ambaye hakuwahi kuangushwa akakaa chini. "Inchi sita hiyohiyo unayoitaka wewe, Mwalimu. Unaiweka juu ya benchi. Naipakia kwenye pikipiki, kesho iko hapa."

"Meza zake zina urefu gani?"

"Ni inchi sita, nimesema."

"Nimekuuliza urefu, umenijibu upana."

Paskalina alikuwa na picha yake kwenye simu, na vipimo vilikuwa chini ya picha. Meza zote mbili kwa pamoja hazikufika futi tatu. Mti wa pembeni wa mlango una futi saba. Niliwaeleza jambo ambalo nimelipima mwenyewe kwa uzi kwa miaka: mashine hunyoosha vizuri ubao usiozidi mara mbili ya urefu wa meza zake. Zaidi ya hapo ubao hufuata uzito wake, si meza, nao hutoka na tumbo. Kuulaza mti wa mlango juu ya mashine ile ni sawa na kumlaza mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto. Mashine mbili zinaweza kuitwa inchi sita na zisiwe ndugu hata kidogo.

"Sawa," alisema Yusto, "basi mimi ninyamaze."

"Jaribu," alisema Paskalina.

Kilichobaki ilikuwa kuthibitisha inchi sita zangu. Nilimwomba Paskalina anionyeshe mbao zake zote, akatupeleka nyuma ya ghala, chini ya bati, ambako zilipangwa vizuri zikiwa na vipande vya kutenganishia katikati. Zilikuwa za mgrivea. Mzee Bura alikuwa amepanda miti ile mpakani mwa shamba wakati watoto wake wakiwa wadogo, nayo ikakatwa na kupasuliwa palepale shambani kwa msumeno wa mnyororo. Anayepasua kwa msumeno ule hafuati vipimo vya duka la mbao, hufuata gogo. Ubao hutoka na upana ambao mti umejaliwa.

Nilimwambia tuzigawe mafungu matatu: zinazopita kwenye inchi sita, zinazozidi sita lakini zinapita kwenye nane, na zinazozidi nane. Tulipima kila ubao baada ya kutoa hesabu ya magome ya pembeni yatakayokatwa. Yusto alibeba, mimi na Paskalina tukapima, na kila nilipotaja kipimo naye alikitaja cha kwake kabla hatujauweka ubao chini. Kufikia nusu ya kazi sote tulikuwa tumeshaona mafungu yanakoelekea. Fungu la kwanza lilikuwa dogo. La tatu lilikuwa dogo zaidi. La katikati lilinifika kiunoni.

"Mwalimu," alisema Paskalina, "ulisema sita."

"Nilisema."

"Mbao zinasema nane."

"Zinasema nane."

Visu vya chuo havikunidanganya. Vilinieleza ukweli kuhusu mbao za chuo, ambazo zilinunuliwa mjini zikiwa zimeshapasuliwa kwa vipimo vyembamba vya kawaida. Havikuwa vimewahi kukutana na mgrivea wa Mzee Bura. Nililichukua jibu la karakana moja nikalipeleka kwenye karakana nyingine bila kulipima upya, na hiyo, tukiita jambo kwa jina lake, ni uvumi, hata kama aliyeuvumisha ni mimi mwenyewe.

Yusto alitoa wazo la busara, na haki yake nimpe. Alisema ubao wa inchi saba unaweza kupasuliwa katikati, ukanyooshwa vipande viwili, ukaunganishwa tena kwa gundi. Ni kweli, inawezekana. Lakini tulikaa juu ya fungu lile la katikati tukafikiri. Kila ubao ungekuwa mbao mbili, kingo mbili za ziada, gundi, vibano, na kusubiri. Na Paskalina alikuwa akipoteza wateja kwa sababu hiyohiyo ya kusubiri. Tena kila msumeno unapopita unageuza mbao kuwa vumbi, na miti ile haikuwa na mingine ya kuifuata karibuni. Tena wateja wake kadhaa walikuwa wa Yaeda Chini, na kila mstari wa gundi katika mlango ni mahali ambapo jua la kule litauliza swali. Lile fungu dogo la mbao pana lingeweza kupasuliwa au kurandwa kwa mkono bila madhara. La katikati lilikuwa ndiyo karakana yenyewe.

Tuliingia ndani kumwambia Mzee Bura. Alikuwa amekaa karibu na mlango akipukuchua mahindi, naye alitusogezea viti bila kuacha kupukuchua.

"Mzee mwenzangu," nilisema, "nilikwambia inchi sita."

"Uliniambia. Nami nimempa jirani neno la nira."

"Leo nimepima mbao. Ni nane."

Aliacha gunzi. Alinyoosha mkono, akatenganisha kidole gumba na cha shahada, akalitazama pengo lililokuwa katikati.

"Inchi mbili ni hizi?"

"Ni hizo."

"Na hizi ndizo maksai?"

"Maksai mmoja. Ndiyo."

Yusto alikuwa akitazama viatu vyake kwa bidii kubwa.

"Baba, tuchukue ya sita," alisema Paskalina. "Nitapasua na kuunganisha. Nimeshazoea kuchelewa."

"Nani amekuuliza umezoea nini? Namuuliza Mwalimu." Akanigeukia. "Mwalimu, hawa wangekuwa maksai wako, ungefanyaje?"

"Mimi sina maksai."

"Najua huna. Ndiyo maana maneno yako ni mepesi."

Lilikuwa neno la haki, nikalipokea. Nilimwambia kwamba wangekuwa wangu ningeuza wote wawili, na kwamba ningeumia.

"Wewe? Wewe uliyemrudishia huyu mlango mara tatu akaja hapa akilia? Ungeumia?"

"Kwa ndani."

Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile, kicheko kifupi, kisha akavaa kofia na kuchukua fimbo. Paskalina alimwambia ampigie jirani simu, akamkatalia. Neno la nira hurudishwa kwa miguu. Kutoka uani tulimwona akiteremka taratibu hadi kwenye uzio wa jirani, akasimama, akavua kofia. Hatukusikia alichosema. Tulisikia jibu, maana jirani yule ana sauti ya kuitia ng'ombe.

"Haya! Na huyu wangu sasa atafungwa nira na nani? Na mashine?"

Jirani alipata kaya nyingine ya kuungana nayo upande wa pili wa kijito, lakini kwa majuma kadhaa salamu yake kwa Mzee Bura ilikuwa fupi.

Mashine tuliipata Babati, imetumika, kwa mtu aliyekuwa akifunga karakana yake. Nilikwenda pamoja na Paskalina, naye ndiye aliyeikagua. Mimi nilishika koti lake. Alilaza rula ndefu ya chuma juu ya meza zote mbili, kwa urefu na kwa mshazari, akatafuta mwanga chini yake. Alizungusha mhimili kwa mkono akisikiliza kama kuna mkwaruzo. Alitazama visu kama vina mapengo, akapima ukuta wa chuma kwa skwea, akauliza mota ni ya njia ngapi, kisha akakisoma kibandiko mwenyewe, kwa sababu muuzaji alikuwa ameshajibu. Kwa pamoja meza zilikaribia futi sita. Mti wa mlango wa futi saba ungelala hapo kwa heshima.

Ghala lilikuwa fupi. Hili nalo watu hulisahau: mashine hupimwa ikiwa imesimama, lakini ubao husafiri. Unahitaji urefu wa ubao mbele ya mashine, na urefu huohuo nyuma yake. Tuliielekeza mashine mlangoni, ubao ukawa unaingia ukitokea ndani na kumalizia safari yake uani. Kuku walijifunza haraka. Paskalina alichonga vibao viwili vya kusukumia, akavitundika kwenye msumari juu ya swichi, ili mkono unaokwenda kuwasha ukutane navyo kwanza. Ubao mfupi kuliko mkono kutoka kiwiko haupiti pale hata kwa amri ya askofu. Vipuri vya mashine vinapatikana Babati. Vya vidole havipatikani popote.

Siku ya kuiwasha, mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia. Majirani walikuwa shambani na maksai wao, na sauti za kuwahimiza zilitufikia pale uani. Zizi la Mzee Bura lilikuwa wazi. Yeye alisimama kando ya mlango wa ghala, mikono nyuma. Paskalina alichukua ubao mmoja kutoka fungu la katikati, akaupitisha ubapa, kisha ukingo. Akachukua wa pili, akafanya vivyo hivyo. Mashine haikupiga kelele ya ajabu. Maranda yalianguka mapana kama majani ya mgomba.

Mzee Bura aliingia, akachukua mbao zile mbili, akasimamisha moja juu ya nyingine, ukingo juu ya ukingo, akaziinua kuelekea mlangoni penye mwanga. Alizitazama kwa muda mrefu. Alizigeuza, akazitazama tena. Sisi wawili tulisubiri, na nakiri kwamba sijawahi kusubiri matokeo ya mtihani wowote kwa namna ile.

"Hapapiti kitu," alisema.

Aliziweka chini taratibu, akapangusa vumbi mikononi, akatazama mawingu.

"Izime sasa, mwanangu. Twende tukalime."

Majembe yaliegemezwa ukutani, nayo yalikuwa matatu. Paskalina alichukua moja, baba yake moja. Nilivua koti.